Mombo hadi Mtae kwa baiskeli: kisa cha kuchagua kompyuta ya GPS

Mhusika wa kisa hiki ni mwendesha baiskeli wa Tanga mjini. Ana baiskeli ya milimani yenye tairi za inchi 29, springi mbele tu, gia moja mbele ya meno 32 na kumi na mbili nyuma, kubwa kuliko zote ikiwa na meno 51. Anafanya mazoezi siku nne kwa wiki. Ana mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, hana mita ya wati, ile ya kupima nguvu ya kukanyaga pedali. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua za vuli, anataka kupanda milima ya Usambara kutoka Mombo hadi Lushoto, apite Magamba na Lukozi mpaka Mtae, alale huko, kesho yake arudi kwa njia ileile. Fungu lake ni dola 250. Dada yake anaishi Hamburg, anaweza kumnunulia kitu cha mtumba na kuja nacho Agosti.

Alichotuuliza ni kifaa kipi kitamwonyesha njia milimani na papo hapo kimsaidie mazoezi ya wiki zilizobaki. Jibu lilikuwa Garmin Edge 530 ya mtumba. Lakini kifaa chenyewe kilikuwa robo tu ya kazi. Robo tatu zilikuwa ramani, faili la njia na mipangilio, na huko ndiko mambo yalikokwama.

Anza na saa mbaya kuliko zote

Watu wengi huchagua kompyuta ya baiskeli kwa kusoma orodha ya vipengele. Ni afadhali kuchagua kwa kufikiria saa mbaya kuliko zote katika safari, kisha kuuliza kifaa gani kitakuwa bado kinafanya kazi saa hiyo.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, na ndani yake unapanda kama mita 1,000, kwa sababu Mombo uko chini kwenye tambarare na Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kilomita 60 na ushee, na baada ya Magamba ni kupanda na kushuka mfululizo, sehemu kubwa vumbi. Jumla ya siku ya kwanza inakaribia kilomita 100. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa, hizo ni saa nane za kukanyaga pedali. Ongeza chai Soni, chakula Lushoto na pancha moja, kifaa kitakaa kimewashwa saa kumi. Siku ya pili ni saa nane hivi. Jumla saa 18.

Saa mbaya ni ile ya jioni, baada ya Lukozi. Ukungu umeshuka, mikono ina tope na jasho, betri imeshatumika saa nane, na mbele kuna njia panda ambapo barabara zote mbili ni nyekundu na zinafanana. Moja inakwenda Mlalo, nyingine Mtae. Ukikosea ukashuka kilomita nne, utazipanda tena gizani.

Saa hiyo ndiyo iliyotoa masharti manne: ramani halisi chini ya mstari wa njia, vitufe vya kubonyeza, betri ya saa 18 au zaidi kwenye karatasi, na barometa ndani ya kifaa, ya kupima kimo kwa mgandamizo wa hewa. Hayo mengine, kama kuonyesha ujumbe wa simu, rangi za kupendeza au kuwashindanisha marafiki kwenye vipande vya barabara, hayakuhesabiwa.

Vilivyowekwa mezani

Cha kwanza kilikuwa simu aliyonayo, ifungwe kwenye usukani. Ni bure na skrini ni kubwa. Lakini simu inayoonyesha ramani kwa mwanga mkali juani inamaliza chaji ndani ya saa chache, ikipata joto sana inapunguza mwanga yenyewe, na kioo chake kikilowa kinajibonyeza. Mtikisiko nao si wa kupuuza: mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha kwenye kamera za iPhone. Simu ilipewa kazi nyingine, tutaifikia.

Cha pili ni vifaa vidogo visivyo na ramani, aina ya Edge 130 Plus. Hivyo vinachora mstari mweusi juu ya skrini nyeupe, basi. Ukiwa kwenye mstari unajua uko kwenye mstari. Kwenye njia panda ya Lukozi, hata hivyo, hutaona ile barabara nyingine, kwa hiyo utajua umekosea baada ya kupotea mita 50 au 100. Kwa mtu anayezunguka Tanga, Pongwe na Muheza kinatosha kabisa. Kwa Usambara hakitoshi, na saa zake 12 za betri zinamalizia hoja.

Cha tatu ni Karoo 2 ya mtumba. Skrini yake ya inchi 3.2 ina ramani safi kuliko zote zilizotajwa hapa, na pamoja na kugusa ina vitufe vinne pembeni, kwa hiyo mvua haiiangushi. Kilichoiondoa ni betri: kiwanda chenyewe kinaahidi saa 12 na kidogo, na ya mtumba haitafika huko. Wahoo ELEMNT BOLT ya mwaka 2021 ina vitufe na saa 15 kwenye karatasi. Nusura ichaguliwe, ikakosa kwa saa tatu.

Cha nne ni iGPSPORT BSC300 mpya: skrini ya rangi, vitufe, ramani, saa 20 za betri, ndani ya fungu na kwa dhamana. Hiki tunakipendekeza bila kusita kwa mtu asiye na ndugu wa kumletea mtumba. Kilishindwa kwa jambo moja tu: kwenye Edge mtu anaweza kujipakilia faili la ramani alilojitengenezea au alilopata kwa wachora ramani, na kwa safari za pembezoni uhuru huo una thamani kubwa.

Edge 530 ilitoka 2019 kwa dola 299.99. Ina vitufe saba, skrini ya inchi 2.6 isiyoguswa, barometa, saa 20 za betri kwenye karatasi, na nafasi ya ndani ya kutosha ramani za nchi kadhaa. Udhaifu wake mkubwa ni tundu la chaji: ni lile la zamani la micro-USB, na kifuniko chake cha mpira huchoka.

Dada apime nini Hamburg

Kununua kitu cha mtumba kwa kupitia ndugu aliye mbali kunataka maelekezo mafupi yasiyohitaji ujuzi. Ujumbe uliotumwa ulikuwa hivi: “Dada, kabla hujalipa fanya mambo manne. Bonyeza vitufe vyote saba, kila kimoja kiitike mara ya kwanza. Kiunge na kompyuta kwa waya, kionekane kama flashi. Kitoe nje uwanjani, kishike setilaiti ndani ya dakika mbili tatu. Mwombe muuzaji akifute kabisa mbele yako, kisibaki na akaunti yake.”

La betri lilifanywa nyumbani kwake siku iliyofuata, kwa makubaliano na muuzaji kwamba kinarudishwa kikishindwa. Kijazwe hadi 100, kiwashwe safari yoyote yenye mstari wa njia, mwanga wa skrini kati, kiachwe dirishani saa sita. Betri mpya ya saa 20 ingetumia asilimia 30. Tulikubali hadi 45, yaani betri iliyobaki na uwezo wa saa 13 hivi, kwa sababu chaji ya mchana itafidia. Zaidi ya hapo, kirudi kwa mwenyewe. Kilitumia 38. Karibu saa 16.

Skrini ya rangi ya udongo

Kilipofika Tanga na kuwashwa, kilionyesha mahali pake sawasawa: kishale katikati ya skrini tupu ya rangi ya udongo, na mstari mmoja wa barabara kuu uliopinda vibaya. Hakikuwa kibovu. Vifaa vya kizazi kile viliuzwa na ramani ya kina ya eneo la duka tu. Hiki kilikuwa na Ulaya nzima hadi vichochoro vya Hamburg, na kwa Afrika kilikuwa na ramani ya msingi ambayo haina faida kwa baiskeli. Hapa ndipo wengi hudanganyika wakadhani GPS “haishiki Tanzania”. GPS inashika kila mahali. Kinachokosekana ni mchoro wa chini.

Dawa ni ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, iliyogeuzwa kuwa faili linalosomeka na Garmin. Zipo tovuti zinazotoa hizo bure kwa nchi au kwa eneo unalochagua mwenyewe. Cha kuangalia ni kwamba toleo ulilochagua linaruhusu kukokotoa njia, si picha tu. Faili lina kiambishi cha .img. Unaunga kifaa kwa waya, unaliweka ndani ya folda iitwayo Garmin, unakiondoa kwa utaratibu, unakiwasha upya. Ikiwa kuna faili lingine lenye jina lilelile la gmapsupp.img, badili jina la lako kabla, usije ukafuta lililopo.

Halafu kuna mtego ambao ulimchelewesha siku mbili. Ramani huwashwa kwa kila profaili peke yake, yaani kila seti ya mipangilio ya aina moja ya safari. Aliwasha ramani mpya kwenye profaili ya barabara, akatoka na profaili ya milimani, skrini ikarudi kuwa udongo. Ingia kila profaili unayotumia, sehemu ya ramani, washa ya Tanzania na uzime ya Ulaya na ya msingi. Ukiacha mbili zikiwaka juu ya eneo moja, moja hufunika nyingine, na si lazima iwe ile unayoitaka.

Ubora wa ramani yenyewe huwashangaza watu. Tanzania imechorwa kuliko inavyodhaniwa: mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam 2015 kuchora kata zinazofurika, na wachoraji wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya mbali. Kasoro iko kwenye aina ya uso wa barabara. Katika OpenStreetMap barabara za Afrika hupangwa kwa umuhimu wake wa kuunganisha miji, si kwa lami. Barabara ya vumbi inayounganisha tarafa mbili inaweza kubeba daraja lilelile la barabara ya lami ya Ulaya, na mchoraji asipoandika kwamba ni vumbi, programu ya kupanga njia inakisia. Inakisia lami. Ndiyo maana makadirio ya muda wa Lushoto hadi Mtae yalikuja saa tatu, jambo ambalo kila anayekwenda huko kwa basi angelicheka.

Kuchora njia isiyokusaliti

Mara ya kwanza alibofya Mombo, akabofya Mtae, akabofya Mombo tena, akaiachia programu ifanye kazi. Njia ya kwenda ilikuwa sawa. Ya kurudi ilikuwa fupi ajabu. Mtae umekaa ukingoni, unatazama mbuga za Mkomazi chini kabisa. Programu iliona kijia cha mguu kinachoshuka ukingo ule, ikakiunganisha na tambarare na kumrudisha Mombo kwa barabara kuu ya lami. Kwenye ramani bapa ni njia ya mkato. Kwenye ardhi ni kubeba baiskeli begani ukishikilia mizizi. Njia yoyote iliyochorwa na programu milimani isomwe kwa jicho kwenye picha ya setilaiti, kipande kwa kipande, na mchoro wa kimo uangaliwe: palipo na mstari unaoanguka kama ukuta, hapo pana kosa au genge.

Kisha anapiga simu. Gesti ya Mtae ina mtu anayejibu, na swali moja la “Kaka, habari za kazi, barabara ya Sunga inapitika?” lina thamani kuliko ramani mbili. Jibu lilikuwa kwamba inapitika, ila kuna mahali maji yamekula upande mmoja na magari yanapita kwa zamu. Baiskeli haina shida hapo.

Kwenye faili lenyewe kulikuwa na mambo matatu.

Faili moja la kwenda na kurudi halifai. Mistari miwili ikilaliana kifaa hakijui uko kwenye kilomita ya 20 au ya 170, na huweza kukurukisha hadi mwisho na kutangaza umefika. Yaligawanywa mawili, siku ya kwanza na siku ya pili, yakatenganishwa pale Mtae.

Uzito wa faili nao. Njia iliyonakiliwa kutoka safari iliyorekodiwa kila sekunde ina makumi ya maelfu ya nukta, na 530 ilikaa dakika nzima ikiifungua, kisha ikawa nzito kila ramani inapojongea. Ilipunguzwa hadi nukta 6,000 hivi, wastani wa nukta moja kila mita 16. Usipunguze kupita kiasi: ukibakiza nukta moja kila mita 100, mstari utakata kona za Soni kwa ndani, na kifaa kitapiga kelele kwamba umetoka njiani kila unapozunguka kona.

La tatu ni aina ya faili. GPX ya kawaida inabeba mstari tu, na kifaa kinalazimika kubuni maelekezo ya kona kwa kulinganisha mstari na ramani yake. Mstari na ramani visipolingana kwa mita kadhaa, unaambiwa ukate kulia kwenye shamba la kabichi. Faili la TCX au FIT linaweza kubeba maelekezo ndani yake, na unaweza kuyaandika mwenyewe. Yaliandikwa sita tu kwa siku nzima: maji, njia panda, chakula. Maelekezo ya kubuni yakazimwa.

Mpangilio mmoja ni wa lazima kuliko yote. Kifaa kina kipengele cha kukokotoa njia upya ukitoka nje ya mstari. Kizimwe. Kikiwa kimewashwa, ukiingia pembeni mita 60 kununua ndizi, kifaa kinatengeneza njia mpya kwa akili yake, na njia hiyo hupenda lami. Ukiendelea bila kutazama, unafuata safari ya kifaa, siyo yako. Kikizimwa, kinakuambia tu umetoka na kinabaki na mstari wako wa zambarau pale ulipo. Unarudi kwenye mstari kwa macho.

Jaribio la Amani

Wiki tatu kabla, kifaa kilipimwa Muheza hadi Amani, Usambara ya mashariki. Panafaa kwa jaribio kwa sababu pana vumbi, kona na msitu mnene unaoziba anga. Makosa matatu yalijitokeza.

Kifaa kilijisimamisha chenyewe mara nyingi kwenye miinuko mikali. Sababu ni hesabu ndogo. Kwa meno 32 mbele na 51 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, gurudumu la inchi 29 linakupeleka kilomita 5 tu kwa saa. Chini ya miti mawimbi ya setilaiti yanagonga majani na mawe, kifaa kinaona mwendo wa 5, mara 2, mara 0, kinadhani umesimama. Dawa mbili: zima kujisimamisha, na weka kihisio cha mwendo kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Kihisio hakijali miti. Mzingo wa gurudumu haukuchukuliwa kwenye jedwali. Alikalia baiskeli yenye upepo wa kawaida, akasukumwa mizunguko mitatu kamili kutoka alama ya valvu chini hadi valvu chini, wakapima mita 6.84. Gawa kwa tatu: milimita 2,280.

Kimo nacho kilikataa kusimama. Kifaa kilionyesha mita 27 zaidi kituoni Muheza jioni kuliko asubuhi, mahali palepale. Hili si kosa la kifaa. Barometa inapima hewa, na katika nchi za joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kama maji ya bahari: unafika kilele karibu saa 4 asubuhi na kushuka hadi chini karibu saa 10 alasiri, tofauti ikiwa kama hektopaskali 3. Karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali ni mita 8 na kidogo. Zidisha, unapata mita 25 za kupanda ambazo hujapanda. Kinachofanyika ni kuandika mahali pa kuanzia kimo chake sahihi ili kifaa kijirekebishe, na kutoshangaa jioni. Kosa la kweli la barometa ni lingine: tundu dogo chini ya kifaa likizibwa na tope au jasho, kimo kinaganda kisha kinaruka mita 40. Suuza kwa maji safi, usichokonoe kwa pini.

La tatu lilikuwa ukurasa wa miinuko. Edge huonyesha mwinuko uliobaki, asilimia na umbali hadi kileleni, lakini 530 hufanya hivyo pale tu ulipopakia njia, na huhesabu mwinuko ule ambao urefu wake kwa mita ukizidishwa na asilimia ya mteremko unafika 3,500, usio mfupi kuliko mita 500 wala laini kuliko asilimia 3. Wastani wa Mombo hadi Lushoto unacheza papo hapo kwenye 3, kwa hiyo kifaa kiliukata mlima mmoja vipande, na baadhi ya sehemu zikapotea. Isitoshe, kimo kilichomo kwenye faili kwa kawaida kinatoka kwenye vipimo vya chombo cha anga cha Februari 2000, vyenye kipimo kimoja kila mita 30. Barabara ikichongwa ubavuni mwa mlima wenye mteremko wa asilimia 60, kukosea mita 30 kando ni kukosea mita 18 kwa kimo. Ukiona asilimia 19 ghafla kwenye lami ya Soni, usiamini skrini, amini miguu.

Mazoezi bila mita ya wati

Kwa mazoezi, kifaa kilikuwa na kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini ilibidi ifanywe vizuri. Bila mita ya wati baadhi ya takwimu za Garmin, kama makadirio ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa baiskeli, hazitatokea kabisa. Hazikuwa zinahitajika.

Kipimo cha kuanzia: dakika 30 za kujisukuma peke yake kwa nguvu yote anayoweza kuishikilia hadi mwisho, barabara tambarare, saa 12 asubuhi kabla ya joto. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndiyo kizingiti chake, yaani mpaka wa juu ambao mwili unauhimili kwa muda mrefu. Kilikuja 168.

Zoezi kuu la wiki lilikuwa vipande vitatu vya dakika 15 kwa asilimia 92 hadi 97 ya kizingiti, yaani mapigo 155 hadi 163, mapumziko ya dakika 5 katikati. Jaribio la kwanza kifaa kilimpigia kelele kwa dakika tatu kwamba yuko chini ya lengo, naye akajibu kwa kuongeza nguvu, akafika dakika ya nne akiwa 171 na kipande kimeharibika. Mapigo ya moyo huja nyuma ya miguu. Suluhisho ni kugawa kila kipande mara mbili ndani ya kifaa: dakika 3 zisizo na lengo lolote, halafu dakika 12 zenye lengo. Anaanza kwa pumzi, mapigo yanamfikia yenyewe. Mkanda ulowanishwe kabla ya kuvaa, la sivyo utaona 210 dakika za mwanzo ukakimbilia hospitali bure.

Kwa siku ya safari, mapigo yaliwekewa dari tu, hayakuwekewa sakafu: 150 kutoka Mombo hadi Lushoto. Joto la tambarare litayapandisha kwa nguvu ileile, na hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko aliyoizoea pwani, kwa hiyo mwendo utashuka kidogo. Dari hiyo ilimpa tahadhari mara kumi na moja kabla ya Soni. Baada ya Soni, mara mbili.

Mipangilio aliyobaki nayo

Kurasa tatu tu. Ya ramani, ina sehemu mbili za tarakimu chini yake: umbali uliobaki na saa. Ya mwinuko. Ya mazoezi, yenye mapigo, muda wa kipande, mizunguko ya pedali na asilimia ya mteremko. Kurekodi kila sekunde. Tahadhari za kona kali zimezimwa, maana Mombo hadi Soni zingelia bila kikomo. Mwanga wa skrini unazimika baada ya sekunde 15 mchana. Simu haijaungwa na kifaa. Iko kwenye mfuko wa plastiki, haina intaneti, ina programu ya ramani ya OsmAnd na faili zilezile mbili, kwa ajili ya siku kifaa kitakapoanguka.

Kamba nyembamba inakifunga kifaa kwenye stemu, ile shingo inayoshika usukani, kwa sababu kishikizo cha plastiki cha robo mzunguko hukatika masikio kwa mtikisiko, na hukatika kwenye mteremko, usiposikia kitu.

Pawabenki ya mAh 10,000 na waya mbili za micro-USB. Chaji ilifanyika Lushoto wakati wa chakula, dakika 40, kutoka 61 hadi 88, kifaa kikiwa kimesimama na kukauka. Kuchaji huku ukiendesha kunawezekana, ila tundu likiwa wazi kwenye ukungu wa Magamba, unyevu unaingia, na kutu ikianza mle ndani kifaa hakichaji tena hata ubadilishe waya. Alifika Mtae na asilimia 52. Umeme ulikuwepo usiku, pawabenki haikuguswa tena.

Aliporudi Tanga, kifuniko cha mpira cha tundu kilikuwa kimening'inia kwa uzi mmoja. Kimebandikwa kwa kipande cha tyubu ya ndani kilichokatwa na kuvutwa juu ya kifaa kizima kama raba. Kinashika maji vizuri kuliko kile cha kiwandani.